Urefu Unahesabiwa Kuanzia Wapi? Ubishi wa Mnara wa Rolakosta

Mnara wa rolakosta, ile treni ndogo ya burudani, ulitangazwa mwaka 2014 kule Orlando, jimbo la Florida, Marekani. Ungeitwa Skyscraper, ungesimama kama mita 174 kwenda juu, na reli ya rolakosta ingeuzunguka kutoka kileleni mpaka chini. Kwa kulinganisha, yale majengo pacha ya PSPF katikati ya Dar es Salaam yana takribani mita 150. Wenye mradi walisema hakuna rolakosta duniani ingeufikia. Mnara haujasimama mpaka leo. Hata hivyo umebishaniwa kuliko mingi iliyojengwa, na ubishi umefika mpaka huku mwisho wa reli.

Kijiwe ninachokizungumzia kiko Mwanga, hapa Kigoma, mbele ya karakana ya kuchomelea mageti. Habari za Simba na Yanga zikiisha, kijana mmoja fundi simu hutoa video za rolakosta na kazi zote zinasimama. Yupo fundi mwenye karakana, wapo madereva wa bodaboda wanaosubiri abiria, na yupo mwalimu wa fizikia anayepita jioni akitoka shuleni. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda hata moja, na hilo halijapunguza sauti ya mtu. Kwa ambaye hajaiona hata kwenye simu: ni treni ndogo ya wazi, abiria wamefungwa kwa vyuma mapajani au mabegani. Inapandishwa juu kwa mnyororo, au inasukumwa kwa kishindo, kisha inaachwa ishuke na kupinda kwenye reli zake hadi irudi ilikoanzia.

Siku mada hiyo ilipoiva, kila mtu alikuwa na bingwa wake. Mmoja alishikilia mnara wa Orlando, kwamba ukijengwa kesi imekwisha. Wa pili alisema Kingda Ka ya New Jersey. Wa tatu akataja ile mpya ya Saudi Arabia. Fundi akawafunika wote: kuna moja ilikuwa Las Vegas, mita 277 juu ya ardhi, miaka mingi kabla ya hizo. Wakamcheka. Lakini fundi alikuwa sahihi kwa kipimo chake, kama walivyokuwa sahihi wenzake kwa vipimo vyao, na ndiyo maana ubishi huu hauishi. Watu wanabishana kuhusu nani mrefu wakati hawajakubaliana futi ya kupimia inawekwa wapi.

Tuanze na Las Vegas, maana ndiko mkanganyiko unakoonekana waziwazi. Mwaka 1996 hoteli ya Stratosphere ilifunguliwa ikiwa na mnara mrefu sana, na huko juu ikafungwa rolakosta iliyoitwa High Roller. Abiria wake walikuwa mita 277 kutoka barabarani. Je, ilikuwa rolakosta ndefu kuliko zote duniani? Wapenzi wa mchezo huu wengi watakwambia hapana. Ilikuwa rolakosta fupi na ya taratibu, ila imewekwa mahali pa juu. Reli yake ilizunguka kichwa cha mnara bila kushuka popote pa maana, na wengi waliopanda walisifia mandhari kuliko treni. Ilifungwa mwaka 2005. Ukikubali kipimo cha fundi, kwamba tunahesabu umbali wa abiria kutoka ardhini, basi High Roller inaondoka na kombe. Na ukisogeza kipimo hatua moja mbele, ukahesabu kutoka usawa wa bahari, bembea ya watoto hapa Kigoma inaizidi Kingda Ka kwa mbali, kwa sababu ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 760 juu ya bahari.

Upande wa pili kuna mnara uliokuwa mrefu kuliko safari iliyokuwa ndani yake. Mwaka 1997 huko California ilifunguliwa rolakosta ya Superman, reli yake ikisimama wima juu ya mnara wa mita 126. Treni ilisukumwa kwa sumaku za umeme, ikapanda hiyo reli, ikaishiwa nguvu, ikarudi kinyumenyume. Lakini ilikuwa inaishiwa kabla ya kufika kileleni. Chuma kilifika mita 126, abiria hawakufika. Kibao cha matangazo kiliandika urefu wa chuma, bila shaka. Juu ya hapo kuna wanaosema rolakosta isiyozunguka na kurudi mwanzo kwa njia nyingine haistahili kushindana kabisa, kwa hiyo wao orodha yao inaanzia kwingine.

Halafu kuna Saudi Arabia. Falcon's Flight, iliyofunguliwa mwishoni mwa Desemba 2025 kwenye hifadhi ya burudani ya Six Flags huko Qiddiya, nje ya Riyadh, ina kasi ya kilomita 250 kwa saa na reli ya zaidi ya kilomita 4. Mteremko wake mkubwa unazidi mita 150. Wamefikaje huko? Wametumia genge, yaani ukuta wa mlima. Reli inapanda ukingo wa milima ya Tuwaiq, inakwenda huko juu, kisha inajitupa bondeni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mteremko huo ilikuwepo kabla ya chuma cha kwanza kuletwa.

Mwalimu alitaka kijiwe kione tatizo la genge, akatumia milima yetu. Tuseme unaweka reli kutoka mlimani huko juu hadi ufukweni, nguzo zenyewe hazizidi urefu wa nyumba ya kawaida mahali popote. Ukijumlisha, treni yako imeshuka mita nyingi kuliko mnara wa Orlando. Sasa umejenga rolakosta ya urefu gani? Anayepima nguzo atasema mita chache. Anayepima tofauti kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa atasema umevunja rekodi ya dunia. Anayepima mteremko mmoja usiokatika, yaani treni inashuka kiasi gani kabla ya kuanza kupanda tena, atakuuliza kwanza kama umeweka matuta njiani.

Vipimo hivyo vitatu vyote vinatumika, na wauzaji wa tiketi huchagua kinachowapa namba kubwa. Mimi nasimama na kipimo cha mteremko mmoja. Ndicho pekee ambacho mwili wa abiria unakihisi. Nguzo inahisiwa na aliyeilipia. Kwa kipimo hicho genge la Tuwaiq ni halali kabisa, High Roller inaondolewa, na mnara wa Orlando unaingia matatani, jambo ambalo mashabiki wake hawapendi kulisikia.

Matata yenyewe yako kwenye kasi. Matangazo ya Skyscraper yalisema treni ingefika kama kilomita 105 kwa saa. Kijana fundi simu alidhani ni makosa ya uchapaji, na alikuwa na sababu. Kitu kikiachwa kishuke mita 174 bila kuzuiwa, kinafika chini kikiwa na kilomita 210 kwa saa hivi. Mwalimu aliandika hesabu kwa chaki juu ya bati la geti: zidisha mara mbili mvuto wa dunia, yaani 9.81, kisha zidisha na mwinuko kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, umepata mita kwa sekunde. Uzito wa treni haumo kwenye hesabu. Iwe imebeba abiria kumi au iko tupu, mwinuko ndio unaoamua.

Fundi haamini chaki. Akachukua bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, akalipasua kwa urefu, akalipinda liwe na kilima kimoja kikubwa na kingine kidogo, akaazima gololi kwa mtoto aliyekuwa akipita. Aliiachia juu, ikashuka, ikapanda kilima cha pili, ikavuka. Akainua kilima cha pili kikalingana na cha kwanza. Gololi ilipanda, ikasitasita karibu na ukingo, ikarudi. Akarudia, akilipangusa bomba kwa shati. Ikarudi tena. Kile kidogo kilichokosekana kilikuwa kimeliwa na msuguano wa plastiki na hewa, na hakuna namna ya kukirudisha bila kusukuma.

Kingda Ka iliishi na tatizo hilohilo. Ilifunguliwa mwaka 2005 kwenye Six Flags Great Adventure, na kwa mita 139 ilishika rekodi ya urefu kwa karibu miaka ishirini. Haikuwa na mnyororo wa kuipandisha. Mtambo wa haidroliki uliivuta kwenye reli tambarare hadi kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5, kisha ikaachwa ipande mnara kwa nguvu ya mwendo wake. Kwa chaki ya mwalimu, kasi hiyo inatosha kupanda mita 167. Mnara ulikuwa na mita 139. Ziada ilikuwa ya kulipia hewa na magurudumu, na kubakiza mwendo kidogo wa kuvukia kileleni. Siku ambazo upepo ulikuwa mbaya au msukumo ulipungua kidogo, treni ilikaribia kilele, ikasimama, ikarudi chini kinyumenyume ilikotoka, na breki za sumaku zilizoinuka kutoka kwenye reli zikaikamata. Hiyo haikuhesabiwa ajali. Mtambo ulikuwa umeundwa kwa ajili yake. Wapo walioomba iwatokee.

Kwa hiyo kwa nini mnara mrefu zaidi ya huo ungetoa kasi ya nusu? Kwa sababu ya kona. Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu, na ndipo wengi wanapopitiliza. Treni inayomaliza kushuka lazima iinuliwe na reli ili isijichimbie ardhini, na upinde wa reli hapo chini ndio unaomkandamiza abiria kitini. Tuseme hatutaki ahisi zaidi ya mara nne ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 ajihisi ana kilo 280, inatosha. Kwa kasi ya kilomita 105 kwa saa, upinde wenye nusu kipenyo cha mita 29 unatosha. Kwa kilomita 210, unahitaji mita 116. Kasi imekuwa mara mbili, upinde umekuwa mara nne. Kwa kilomita 250 za Saudi Arabia, ni mita 164. Na hizo ni namba za upinde mmoja tu. Kila kilima na kila kona ya pembeni vinataka kukuzwa hivyohivyo, ndiyo sababu Falcon's Flight ina zaidi ya kilomita nne za reli na jangwa la kutosha kuzunguka.

Mnara hauna nafasi hiyo. Reli inayouzunguka inabanwa na unene wa mnara wenyewe, kona ni za karibu, basi treni lazima iwe ya taratibu. Mwinuko wote ule unatumika kidogokidogo, mzunguko baada ya mzunguko, huku kasi ikizuiwa isizidi kile kona inachovumilia. Skyscraper isingekuwa Kingda Ka iliyorefushwa. Ingekuwa safari ndefu ya kushuka ngazi kwa mduara, yenye vipinduo vya kugeuza abiria kichwa chini, mtu akiona mji mzima chini ya miguu yake. Huenda ingekuwa ya kutisha kuliko zote, kwa sababu hofu ya kwenda juu na hofu ya mwendo ni vitu viwili tofauti. Lakini mshabiki wa kasi aliyekuwa anaisubiri alikuwa anasubiri kitu ambacho hakikuwemo kwenye mchoro.

Sasa swali la dereva mmoja wa bodaboda, ambalo nadhani lilikuwa bora kuliko yote ya jioni ile: kama mnara unaua kasi, nani alikuwa anautaka? Jibu ni mwenye kiwanja. Mtaa wa International Drive kule Orlando umejaa hoteli na vivutio vya watalii, ardhi yake si ya kuchezea. Rolakosta ya kawaida yenye kasi inameza ekari nyingi. Mnara unakaa kwenye kipande kidogo, na kileleni unaweza kuweka mgahawa na sehemu ya kutazamia mandhari, vinavyolipwa na watu ambao hawatapanda treni kamwe. Kwa mwekezaji, ule ulikuwa mnara wa kutazamia wenye rolakosta nje yake. Kibishara wazo hilo lina akili. Namba ya rekodi ilikuwa ya kuita waandishi wa habari.

Majirani hawakufurahi wote. Mwaka 2015 Universal, yenye hifadhi zake kubwa za burudani hapo karibu, iliupinga mradi mbele ya viongozi wa Kaunti ya Orange, na viongozi wakaupitisha hata hivyo. Tarehe za kufungua zikasogezwa, zikasogezwa tena. Kuna pia mambo ya anga: Marekani, jengo linalozidi futi 200, yaani mita 61, ni lazima litolewe taarifa kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na mara nyingi liwekewe taa za kuonya ndege, kama zile nyekundu za minara ya simu tunazoziona usiku hapa. Hilo halizuii ujenzi peke yake. Fedha ndizo huzuia, na kibali hakijawahi kununua saruji.

Tukiwa hapohapo kwenye futi 200, ndipo pia yanapoanzia madaraja yenye majina makubwamakubwa ambayo mashabiki huzipa rolakosta. Magnum XL-200 ya Ohio ilipovuka futi 200 mwaka 1989 ikatengewa daraja lake. Millennium Force ikavuka 300 mwaka 2000 na kupata la kwake. Top Thrill Dragster ikavuka 400 mwaka 2003. Zote tatu zilijengwa kwenye hifadhi moja, Cedar Point. Kwa mita, mipaka hiyo ni 61, 91 na 122, namba zisizo na maana yoyote kwa chuma. Ni biashara ya namba za mviringo kwa watu wanaopima kwa futi.

Gharama ya kwenda juu haiishii kwenye ujenzi. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake kwenye chuma inakuwa mara nne, na huko juu upepo huwa mkali kuliko chini. Rolakosta ndefu hufungwa mara kwa mara kwa sababu hiyo, na mtu aliyesafiri bara zima anakuta geti na karatasi. Kingda Ka ilijulikana kwa kusimama mara nyingi. Mitambo yake ya kuvuta ilitaka matunzo yasiyoisha kwa safari ya sekunde 28. Ilifungwa Novemba 2024, na tarehe 28 Februari 2025 mnara wake ukaangushwa kwa baruti. Mwenye hifadhi hakusubiri mtu avunje rekodi yake ndipo auondoe.

Fundi alipoona video ya mnara ule ukianguka hakusema kitu. Kilichomgusa ni video nyingine. Juni 2023, kwenye rolakosta iitwayo Fury 325, yenye mita 99 huko Carowinds, Marekani, mgeni mmoja aliinua macho akaona nguzo imepasuka. Aliirekodi: treni ikipita, chuma kinaachana wazi, kisha kinarudi. Ilifungwa, nguzo ikabadilishwa, majaribio yakafanywa, ikafunguliwa tena Agosti. Fundi aliisimamisha video mara kadhaa kwa kidole, akikuza picha pale palipoachia. Akatueleza kwamba chuma hakichoki kwa mzigo mmoja mzito. Kinachoka kwa mzigo uleule unaokuja na kuondoka, mamia kwa siku, na ufa unaanza mdogo kiasi kwamba rangi inaufunika. Waya wa geti ukiupinda mara moja haukatiki. Upinde huku na huku uone. Ndiyo sababu mafundi wa mitambo hiyo hukagua reli na nguzo kabla ya abiria wa kwanza wa siku, na kila baada ya muda huangalia ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti. Mnara wa mita 174 una viungo vingi vya kukagua, na vingi haviko mahali pa kufikika kwa ngazi. Abiria naye, treni ikikwama kileleni, atashukaje? Kwa miguu, ngazi baada ya ngazi, akiwa ameshikwa mkono na mfanyakazi.

Kijana fundi simu bado anaamini mtu ataujenga, Orlando au kwingine. Huenda. Mwenye kiwanja kidogo cha bei mbaya ataendelea kuvutiwa na mnara, na mwenye jangwa na genge ataendelea kuvutiwa na kasi, kwa hiyo sioni kwa nini mashindano yawe moja. Alichouliza baadaye kilikuwa cha karibu zaidi: na sisi wa milima hii, hakuna kinachotufaa? Kipo. Uswisi, Austria na kwingineko wana vigari vya mtu mmoja au wawili vinavyoteremka mlimani juu ya reli ya mabomba, karibu na ardhi, abiria akiwa na mkono wa breki mwenyewe, na kasi ikizuiwa kwenye kilomita 40 kwa saa hivi. Hakihitaji mnara. Kinahitaji mlima, na mlima tunao.

Fundi alikwishaanza kupiga hesabu ya mabomba kwa sauti.

"Hayo nachomelea mimi mwenyewe, Mwalimu."

"Sawa, fundi," Mwalimu akajibu, akipangusa chaki mkononi. "Na mashine ya kupima ndani ya kiungo unayo?"

Hakuwa nayo, wala hakujua inauzwa bei gani. Kijana fundi simu akaanza kuitafuta bei.